Jiko Nililolifunga Nikiwa Nje

Kuanzia kantini ya waongoza wageni kule Isecheno, msituni, mpaka masoko ya Lugari, sehemu kubwa ya moshi unaouona juu ya mapaa asubuhi umepita kwenye bomba nililolikunja mimi. Anayebisha apande aangalie riveti. Zangu hukaa mbili mbili, kichwa kwa kichwa, na hakuna fundi mwingine Kakamega anayejisumbua hivyo. Niliacha shule darasa la tano. Nilianza kwa kugonga mikebe ya mafuta ya kupikia juu ya kipande cha reli, nikitengeneza koroboi na faneli, na leo nina karakana ya milango miwili pembeni mwa Amalemba. Wenye digrii hunipigia simu kuniuliza mbona jiko linawarudishia moshi usoni. Huwaambia kosa liko wapi kabla hawajamaliza kueleza.

Jiko moja ndilo lililonishinda. Lilikuwa kwa mama mkwe wangu, Chekalini.

Mama mkwe alikuwa na kikohozi cha miaka. Tulikizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Ukifika kwake unakisikia kutoka kwenye kishamba cha ndizi na unajua yuko nyumbani. Kisha mvua za mwaka huo zikaja na kikohozi kikabadilika. Kikawa kinamkalisha chini katikati ya kazi, kikombe cha maharagwe mkononi, asiweze kusema yuko wapi. Mke wangu alimleta hospitalini mjini, akapigwa picha ya kifua. Daktari akamuuliza anapikia nini. Mafiga matatu, kuni na magunzi ya mahindi, tangu aolewe. Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema kifua hicho hakina nafasi ya moshi tena. Ama moshi utoke kwenye ile nyumba, ama atoke yeye.

Mke wangu aliporudi kutoka kumsindikiza, alisimama mlangoni mwa karakana. Alikataa kiti.

"Baba watoto, umefungia watu wangapi chimni?"

"Siwahesabu tena."

"Huwahesabu. Na mamangu bado anapulizanga mafiga. Nikimzika kwa sababu ya moshi, watu wataniuliza bwanangu ni fundi wa nini. Niwaambie nini?"

Nilichukua bati la geji nzito, lile ninaloliweka kwa wateja wa mahoteli, nikaanza kukata.

Jiko lenyewe lilitoka vizuri. Mdomo wa kuni upande wa mbele, matundu mawili ya sufuria juu, droo ya majivu chini, na nyuma shingo ya mviringo pale bomba linapovaa. Watu wakija dukani huangalia rangi na matundu. Mimi huangalia shingo. Moshi una njia moja, na njia hiyo ikibanwa mahali popote, moshi utarudi kwa mwenye jiko. Bomba lisiwe jembamba kuliko shingo. Kipande cha juu kiingie ndani ya kipande cha chini, ili ile lami nyeusi ya moshi iteremke ndani na kuungua, isichuruzike kwa nje ukutani. Kipande cha kulala kiwe na mwinuko kidogo kuelekea chimni, kwa sababu moshi hautaki kushuka. Mbao za paa zikae mbali na bomba, mkono mzima kutoka kiwiko hadi vidole. Haya hayakuandikwa kwangu popote. Niliyajifunza kwa kuunguza dari ya mtu mara moja, na ile dari nilimjengea upya bila yeye kuniambia.

Chimni ilikuwapo tayari. Marehemu baba mkwe aliwahi kuona nyumba za walowezi wa zamani huko Lugari, na alipojenga nyumba ya kupikia ya matofali ya kuchoma akasimamisha chimni pembeni, ndefu, nzuri, ya mraba. Hakuna aliyewahi kuitumia. Mafiga yalikaa katikati ya chumba, na chimni ikasimama kama mgeni asiyekaribishwa kula. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha vile vitu viwili, jiko langu na chimni yake. Kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ya kabla ya chai ya saa nne.

Shida ilikuwa kwamba nisingeweza kuingia.

Kwetu mwanamume haingii mahali mama mkwe wake anapopikia. Hampi mkono. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini kumpisha mwenzake. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa kati, hata kama wote watatu wamesimama hatua mbili mbili na kila mmoja ana masikio. Chuki haimo humo hata kidogo. Ni heshima nzito kuliko zote tulizo nazo. Na iko njia ya kuilegeza. Mkwe akishamaliza ng'ombe wa mahari, huenda siku moja na blanketi na kuku, wazee wa upande wa mke wakiwepo. Mama mkwe humpa mkono, na kuanzia hapo mlango ule uko wazi kwake. Kila boma lina namna yake, lakini kwa wakwe zangu ndivyo ilivyo. Ng'ombe nilikuwa nimewamaliza zamani, wote, bila kukumbushwa. Blanketi ndilo sikuwa nimepeleka. Kwa miaka ishirini na moja nilisema nitalipeleka. Mtu mwenye kazi nyingi huachilia vitu vidogo.

Kwa hiyo Jumamosi ya kufunga jiko nilikaa nje, kwenye kiti cha plastiki, mgongo ukigusa ukuta wa nyumba ya kupikia, karibu na kidirisha. Ndani aliingia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu wa hesabu. Mtu mwenye vyeti vitatu na hajawahi kushika nyundo. Mke wangu alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akibeba maneno. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake ndani, maana alisema hawezi kumwachia mwalimu nyumba yake.

Hata paa nisingepanda. Kupanda paa la mama mkwe ni kumkalia kichwani. Shemeji ndiye aliyepanda, akateremsha tawi lililofungwa gunia, akasugua chimni mpaka viota vya miaka vikaanguka chini pamoja na sega kavu la nyuki. Alishuka mweusi, miwani tu ikiwa na weupe.

"Leo nimekuwa fundi," akasema.

"Leo umekuwa brashi," nikamwambia. "Ingia ndani, toboa."

Alitoboa matofali pale nilipomwambia, kwenye kimo cha bomba. Nikampitishia kioo changu kidogo cha kunyolea kwenye kidirisha.

"Kitie kwenye tundu, shemeji. Unaona nini?"

"Naona jicho langu."

"Kielekeze juu."

"Aa. Naona mbingu. Kipande kama kisahani."

"Basi koo lake liko safi."

"Mwambie mkwe," ikasikika sauti ya mama mkwe, "huyu mwalimu amekanyaga unga wangu."

Mke wangu akatoa kichwa nje. "Mama anasema mwalimu amekanyaga unga."

"Nimesikia. Mwambie nitamletea mwingine."

"Anasema ataleta mwingine."

"Nimesikia," akasema mama mkwe. "Mwambie kwanza amtoe huyu kwenye ule uliobaki."

Tuliendelea namna hiyo. Jiko likasimamishwa juu ya matofali, bomba la wima likavaa shingo, kona ikavaa bomba. Kilibaki kipande cha mwisho, kile cha kutoka kwenye kona mpaka ndani ya chimni, nami nilitaka kukikata hapo hapo kwa urefu wake kamili. Katika kazi zangu zote kipande hicho hukipima kwa mkono. Huingiza mkono kwenye tundu, vidole vikatafuta ukingo wa ndani wa matofali, pale ukuta unapoishia na uwazi wa chimni unapoanza. Bomba huishia hapo. Lisipite hata upana wa kidole gumba. Mkono wangu unalijua jambo hilo. Mdomo wangu ulikuwa haujawahi kuulizwa.

"Shemeji," nikasema, "tafuta kijiti kilichonyooka. Kitie kwenye tundu kuanzia pale kona inapoishia, kisukume mpaka kigonge. Kikigonga, kitie alama, kikate, unipe."

Mama mkwe ndiye aliyetoa kijiti, ufito wa kupangia kuni. Shemeji alikisukuma mpaka kikagonga, akakitia alama kwa kucha, akakikata, akakipima tena kwa rula ya shule.

"Sentimita hamsini na tatu na nusu," akasema, akikitoa kwenye kidirisha.

"Sihitaji sentimita. Kijiti kinanitosha."

Nikakata bomba sawasawa na kijiti. Likaingia ndani kupitia mikononi mwa mke wangu. Nikasikia likikwaruza matofali.

"Limegonga," akasema shemeji.

"Lipige kidogo likae."

Akalipiga.

Udongo wa kuziba niliukanda mwenyewe nje: udongo wa kichuguu, majivu yaliyochekechwa, na molasi kidogo. Molasi hii ya viwanda vya miwa wengine hulishia ng'ombe. Mimi huitia kwenye udongo, ukikauka hauna ufa. Hilo nalo sikufundishwa na mtu. Shemeji akaziba tundu pande zote, mama mkwe akamsimamia, akamwambia arudie upande wa kushoto.

Tukawasha kuni kavu. Moshi ukatoka juu ya chimni ya baba mkwe kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, mweupe kwanza, kisha ukawa kitu cha kuonekana kwa shida tu. Majirani walikuja kusimama uani. Mimi nilikuwa nimeshahamia sebuleni, mahali pa mkwe, nikala ingokho na obusuma, kuku na ugali wa kwetu, nikaletewa firigisi. Nilirudi mjini nikijua kwamba mke wangu ana jibu la kuwapa watu.

Wiki zilizofuata kikohozi kilipungua. Mama mkwe, kwa kuwa aliambiwa moshi umekwisha, aliziba kwa magunia kile kidirisha na ule uwazi kati ya ukuta na paa, maana asubuhi za Chekalini wakati wa mvua zina baridi. Baada ya hapo mke wangu akaanza kuleta habari nyingine. Mama anaumwa kichwa. Mama analala akipika. Mama aliunguza maziwa, yeye ambaye hajawahi kuunguza maziwa. Walimpeleka zahanati, wakampima malaria, hakuna malaria. Wakampa dawa za maumivu.

"Na lile jiko?" mke wangu akaniuliza siku moja.

"Jiko limefanya nini?"

"Nauliza tu."

"Lile nimelifunga mimi," nikamwambia. Hilo lilikuwa jibu langu lote, na wakati huo niliona linatosha.

Siku ya Jumatano nilikwenda peke yangu kupeleka kofia ya chimni, ile ya bati inayozuia mvua. Shemeji angeipandisha akitoka shuleni. Mke wangu alikuwa kazini kwake mjini. Nilifika kama saa nne, manyunyu yakianguka. Nilipovuka kishamba cha ndizi nikatazama juu, kama ninavyofanya kila mahali, kutazama kazi yangu. Njiwa wawili walikuwa wamekaa kwenye mdomo wa chimni, wametulia, manyoya yamevimba kwa baridi.

Nilifikiri mama mkwe hajawasha. Kisha nikasikia harufu ya magunzi yanayoungua, na chai.

Ndege hakai juu ya chimni ya jiko lililowashwa. Hawezi. Joto humfukuza hata kama moshi hauonekani. Nilisimama pale na kofia yangu ya bati kwapani, na nilijua. Sikujua kosa lilikuwa nini, lakini nilijua kwamba kila kilichokuwa kikiungua mle ndani kilibaki mle ndani. Na magunzi yakishakuwa makaa hayatoi moshi wa kukutoa machozi. Yanatoa ile hewa isiyoonekana inayolaza watu wasiamke.

Nikaenda mpaka mlangoni. Ulikuwa umerudishwa nusu.

"Hodi!"

"Kuku," akasema mama mkwe kutoka ndani. Hapakuwa na mtu wa kati, kwa hiyo alimtumia kuku aliyekuwa akidonoa kizingitini. "Kuku, mwambie mkwe akaribie sebuleni. Chai iko... mwambie chai..."

Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama atoke nje sasa hivi. Jiko lina kasoro."

"Mwambie mkwe..."

Kikafuata kishindo cha kifuniko cha sufuria sakafuni. Kikazunguka, kikazunguka, kikatulia.

"Kuku, muulize mama kama ananisikia."

Hakuna jibu. Nakumbuka nilitazama kizingiti. Kilikuwa cha mti mgumu, kina kovu la panga katikati. Miaka ishirini na moja sikuwahi kukiona kwa karibu hivyo. Nilivua koti langu la kazi na nikakivuka.

Alikuwa ameegemea ukuta, bado juu ya kigoda, kidevu kifuani. Nilimfunika koti, nikamnyanyua kupitia koti, mkono wangu haukugusa ngozi yake. Nimebeba mageti ya chuma peke yangu. Yeye alikuwa mwepesi kuliko bati mbili. Nilimtoa mpaka uani, nikamweka chini ya ukingo wa paa la nyumba kubwa penye upepo, manyunyu yakimpiga miguuni. Nilirudi, nikapiga mlango teke ukafunguka wote, nikang'oa magunia ukutani, nikamwagia makaa maji. Nilipotoka alikuwa anatapika. Kisha akafungua macho, akatazama huku na huku mpaka akamwona yule kuku.

"Kuku," akasema polepole, "mwambie mkwe atoke jikoni kwangu."

Jirani mwenye gari alitupeleka. Hospitalini walimfunika kifuniko cha hewa ya mtungi usoni, na muuguzi akaniuliza kama tulipikia ndani tumefunga mlango.

"Kuna chimni," nikamwambia.

"Nani aliwafungia hiyo chimni?"

Watu wengi wamewahi kuniuliza swali hilo, na siku zote nimelijibu kwa furaha.

"Mimi," nikasema.

Muuguzi aliandika kitu. Hakuniangalia tena.

Mama mkwe alilala huko siku mbili. Siku ya pili shemeji alikuja tukakaa kwenye benchi la nje. Alikuwa tayari amelitoa lile bomba. Nilimwambia kwa simu alitoe. Alikuwa amelifunga kwenye gazeti, akalifungua juu ya magoti yangu. Mdomo wake wa mwisho ulikuwa umebonyea na kuzibwa na masizi magumu kama lami ya barabara.

"Lilikuwa limefika mpaka ukuta wa nyuma," akasema. "Limevuka uwazi wote wa chimni. Limebusu matofali ya ng'ambo."

Nikaelewa. Kijiti kiliposukumwa mpaka kigonge, kilipita ukingo, kikapita uwazi, kikagonga ukuta wa upande wa pili. Siku ya kwanza palikuwa na mwanya mdogo pembeni, kwa sababu nilikata bomba kwa mkasi na halikunyooka sana, na kuni kavu zikausukuma moshi kwa nguvu ukapita hapo. Baadaye masizi yakajaza mwanya.

"Nilipima sawasawa," akasema shemeji.

"Ulipima sawasawa."

"Wewe ndiye uliyesema kigonge."

"Mimi ndiye niliyesema kigonge."

Alinitazama, nadhani akingoja maneno mengine. Alinizoea nikiwa na maneno mengine. "Na nilipokuambia limegonga..."

"Nikakuambia upige."

"Ningekuwa mwanafunzi wako ningefeli," akasema.

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ungeingiza mkono. Na mimi ningekuwa ndani."

Hapo ndipo mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na chupa ya uji, alipozungumza. Kumbe mamake, tangu alazwe, alikuwa ameanza kumwambia. Jiko lilianza kurudisha moshi tangu wiki ya tatu. Kidogo kwanza, ukifungua mdomo wa kuni. Kisha zaidi. Mama aliacha kuni, akaanza kutumia magunzi ya kuungua polepole, ili moshi usionekane na watu wanaokuja kutazama jiko la mkwe.

"Mbona hakusema?" nikauliza.

"Amwambie nani?" mke wangu akasema. "Mimi, nikuambie wewe? Nilikuuliza. Ulinijibu nini?"

Uji ulimiminwa.

Kuhusu kuingia kwangu, mjomba wa mke wangu alisema nilichofanya kilikuwa sahihi na bado kilikuwa kosa, na vyote viwili vina dawa moja. Jumapili iliyofuata, baada ya mama mkwe kurudi nyumbani, nilikwenda na blanketi. Lilikuwa zito, la rangi ya kahawia, bora kuliko yote yaliyokuwa sokoni, maana sinunui kitu cha katikati. Na kuku. Wazee walikaa, wakasema yao. Mama mkwe alifungua blanketi, akalinusa, akalikunja tena.

"Mkwe wetu," mjomba akasema, "hii safari ya mlango ni fupi. Umeitembea kwa miaka mingi."

"Kazi zilikuwa nyingi, mzee."

"Tumeziona kazi zako," akasema mjomba, na wazee wakacheka mpaka mmoja akaanza kukohoa.

Mama mkwe akanyoosha mkono. Niliushika. Ulikuwa mkavu na una nguvu kuliko nilivyotarajia.

Kesho yake, asubuhi, niliingia kwenye nyumba yake ya kupikia na zana zangu zote. Yeye alikaa kwenye kigoda, mlango wazi, blanketi mabegani. Nilitoa udongo wa zamani. Niliingiza mkono kwenye tundu mpaka bega, vidole vikatafuta ukingo wa ndani, nikaupata. Nilikata bomba jipya kwa kipimo cha mkono wangu, nikalivalisha bangili ya bati pale linapoingia ukutani, ili mtu asiweze kulisukuma zaidi hata akilipiga kwa nyundo ya reli. Chini ya tundu, kwenye chimni, nilitengeneza kidirisha cha bati cha kusafishia masizi. Juu ya ukuta, pale magunia yalipokuwa, niliacha uwazi na kuuwekea wavu. Jiko linalovuta hewa nje linahitaji hewa ya kuingia.

Yote hayo niliyafanya bila mtu kubeba maneno. Hata hivyo tulikuwa hatujui tuanzie wapi kuzungumza.

Nilipokuwa nikikanda udongo wa mwisho wa kuziba, alinyoosha mkono kuelekea sanduku langu la zana.

"Lete hiyo kioo," akasema.

Hakumwambia kuku, ingawa kuku alikuwapo. Nikampa. Aliinuka, akashika ukuta, akaja kuinama kwenye kile kidirisha cha kusafishia. Alitia kioo ndani, akakigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda.

"Hapa naonanga mkono wangu."

"Kielekeze juu, mama."

Akakielekeza. Akakaa hivyo muda mrefu. Nilisikia pumzi yake, na nilisikia kwamba haikwaruzi kama zamani, ingawa bado ilikuwa fupi.

"Hapa ni mdomo wa bomba?"

"Ndiyo. Umeishia kwenye ukingo wa ukuta. Haujatoka."

"Na hapa juu yake ni wazi?"

"Ni wazi."

"Naona mawingu," akasema. Kisha akakaa chini. "Ziba."

Nikaziba. Alisema upande wa kushoto nirudie, nami nikaurudia, ingawa ulikuwa sawa. Tukangoja udongo ushike. Saa saba aliwasha mwenyewe, kuni, akafungua mdomo wa jiko makusudi ili aone kama moshi utatoka mbele. Haukutoka. Nilikwenda nje nikatazama juu. Njiwa walikuwa wamehamia kwenye paa la nyumba kubwa.

Niliporudi ndani kukusanya zana, kile kioo hakikuwapo sandukuni. Kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari kando ya kidirisha cha kusafishia, na chini yake alikuwa ameshasimamisha ule ufito wa sentimita hamsini na tatu na nusu niliouacha uani siku ile ya kwanza, anautumia tena kupangia kuni. Sikuuliza. Nilinunua kioo kingine mjini.